Mwandishi Asiye na Mkataba: Historia ya Wanahabari wa Kujitegemea Katika Magazeti ya Kiswahili

Historia ya magazeti ya Kiswahili imezoeleka kuandikwa kwa kufuata majina ya wamiliki na wahariri, yaani misheni iliyoleta mtambo wa kupigia chapa, serikali iliyogharimia karatasi, chama kilichotaka sauti yake isikike, au mfanyabiashara aliyethubutu kuweka fedha zake katika biashara isiyo na faida ya haraka. Mtazamo huo una ukweli wake, lakini unamwacha nje mtu ambaye bila yeye kurasa hizo zisingejaa. Huyo ni mwandishi wa kujitegemea, ambaye kwa maana inayotumika hapa ni mtu anayekusanya habari, anayeandika makala au anayepiga picha kwa ajili ya gazeti moja au magazeti mengi bila kuajiriwa na lolote kati ya hayo, na ambaye hulipwa, pale anapolipwa, kwa kazi iliyochapishwa tu. Ukifuatiliwa mfululizo wa magazeti ya Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa karne ya 19, inaonekana wazi kwamba mwandishi wa namna hii si nyongeza iliyokuja baada ya chumba cha habari kuundwa. Yeye ndiye aliyetangulia, na chumba cha habari chenye waajiriwa, dawati na mishahara kilijengwa baadaye juu ya kazi yake.

Msimulizi, linalotajwa kuwa gazeti la kwanza la Kiswahili, lilianza kutolewa mwaka 1888 katika chuo cha Kiungani, Zanzibar, kilichokuwa chini ya misheni ya Kianglikana ya UMCA. Gazeti hilo halikuwa na waandishi wa kuajiriwa, wala halikuhitaji kuwa nao, kwa sababu vijana waliohitimu Kiungani walitawanywa kwenda kufundisha na kuhubiri katika vituo vya bara, kama vile Magila katika nchi ya Wabondei na Newala na Masasi upande wa kusini, na kutoka huko walipeleka barua zilizoeleza safari, shule, ibada, misiba na mambo ya vijiji walimoishi. Barua hizo zilipopigwa chapa na kurudishwa zikiwa gazeti, mwalimu aliyekuwa peke yake mahali pa mbali alijua habari za wenzake, na wenzake wakajua zake. Hapo ndipo ulipowekwa msingi ambao haujabadilika sana hata leo: gazeti lina makao mahali pamoja, habari ziko mahali pengi, na kinachounganisha pande hizo mbili ni mtu aliyeko huko mbali mwenye kalamu na nia ya kuandika.

Utawala wa Kijerumani uliutumia mpango huohuo kwa shabaha nyingine. Kuanzia mwaka 1904 shule ya serikali ya Tanga ilitoa gazeti la Kiongozi, ambalo liliendelea hadi mwaka 1916, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoung'oa utawala huo, na ambalo lilijazwa kwa sehemu kubwa na habari zilizoletwa na walimu wa shule za serikali na makarani waliopangiwa kazi katika miji ya pwani na ya bara. Mwaka 1910 yakaongezeka magazeti mawili ya kidini, Pwani na Bara la Waprotestanti na Rafiki Yangu la Wakatoliki, na ushindani wa kutafuta wasomaji ukawa pia ushindani wa kutafuta waandishi. Ni kweli kwamba Kiongozi lilikuwa gazeti la serikali, na vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliandikwa humo kwa jicho la watawala. Lakini msomaji wa leo anayetafuta namna Waswahili wa wakati ule walivyoandika nathari ya kila siku, bila kupambwa kama utenzi na bila kukauka kama hati ya mahakama, ataikuta katika barua hizo za miji kuliko mahali pengine popote. Nathari ya kihabari ya Kiswahili ilikuzwa na watu ambao kazi yao rasmi ilikuwa kufundisha hesabu au kuandika madaftari ya kodi.

Baada ya vita, Waingereza walipoitawala Tanganyika, Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo mwezi Januari mwaka 1923. Gazeti hili la kila mwezi lilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hakuna gazeti la Kiswahili la zama zake lililolea waandishi wengi kama lenyewe. Sehemu ya habari za miji ilikuwa mlango wa kwanza, kwa sababu mtu yeyote aliyejua kuandika angeweza kuarifu juu ya mvua, nzige, ugeni wa mkubwa wa serikali, kufunguliwa kwa shule au kifo cha mtu mashuhuri wa kwao. Ukurasa wa mashairi ulikuwa mlango wa pili, na huo ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa mshairi aliyekosea vina au mizani alijua kwamba atajibiwa hadharani na washairi wenzake katika toleo linalofuata. Mwandishi alijenga jina kwa kuonekana mara kwa mara, akisomwa Tabora, Lindi na Ujiji na watu ambao hawatamwona kwa macho, na jina hilo ndilo lililokuwa mtaji wake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki dunia mwaka 1962. Mtu huyu, ambaye leo vitabu vyake vinasomwa kama nguzo za fasihi ya Kiswahili, aliajiriwa kuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, na baadaye akaendelea kuwa mtumishi wa serikali katika idara nyingine. Kwa muda wote huo uandishi wake ulifanyika pembeni ya kazi ya mshahara, na mashairi yake yalimfikia msomaji kupitia Mambo Leo kabla vitabu havijamfikia. Wanaomsoma kama mwanafalsafa husahau kwamba alikuwa pia mchangiaji wa magazeti aliyelazimika kuandika kwa urefu uliotakiwa na kwa lugha ambayo msomaji wa kawaida angeielewa, kisha akasubiri mwezi mzima kujua kama kazi yake imekubaliwa. Nidhamu hiyo ya kusubiri, ya kukataliwa na ya kuandika tena imo ndani ya sentensi zake zilizopimwa, na ni haki kuihesabu kuwa sehemu ya elimu yake kama vile shule aliyosoma Dar es Salaam.

Kuandika pembeni ya ajira ya serikali kulikuwa na mpaka wake, kwani karani au mwalimu wa serikali hakuwa huru kuikosoa serikali iliyomlisha. Ndiyo maana kuanzishwa kwa Kwetu mwezi Novemba mwaka 1937 kulibadili hali. Mwenye gazeti hilo, Erica Fiah, alikuwa mwenye duka jijini Dar es Salaam, asili yake Uganda, na gazeti lake ndilo la kwanza kumilikiwa na Mwafrika katika Tanganyika. Fiah hakuwa na fedha za kuajiri waandishi, kwa hiyo alitegemea barua za watu waliokuwa na malalamiko ya kodi, mishahara, bei za mazao na ubaguzi wa kazini, ambao baadhi yao walijificha nyuma ya majina ya bandia. Huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa amekwisha kuonyesha tangu mwaka 1930 na 1932, kwa magazeti yake Al-Sahifa na Al-Islah, kwamba gazeti dogo la mtu mmoja mwenye hoja linaweza kuusukuma mji mzima katika mjadala. Kwetu liliendelea kwa kuyumba hadi mwaka 1951, na katika kuyumba huko ilionekana kanuni nyingine ya uandishi wa kujitegemea: gazeti lisilo na uwezo wa kulipa humpa mwandishi uhuru asioupata katika gazeti lenye uwezo, lakini haliwezi kumlinda wala kumlisha.

Nchini Kenya, njia ya kutoka ajira hadi uandishi ilipitiwa kwa ujasiri wa pekee na Henry Muoria. Mtu huyu alikuwa mlinzi wa gari moshi katika shirika la reli, yaani mfanyakazi anayesafiri na gari moshi akisimamia usalama na utaratibu wake. Alijifunza uandishi wa habari kwa njia ya posta, akisoma masomo yaliyoletwa kutoka Uingereza na kuyafanyia mazoezi kati ya safari na safari, na akaanza kupeleka barua na makala katika magazeti ya Nairobi. Mwaka 1945 aliacha kazi ya reli na kuanzisha Mumenyereri, gazeti la Kikuyu lililokuja kuwa miongoni mwa magazeti yaliyosomwa sana katika miaka ya mapambano ya kudai uhuru. Hatua hiyo inahitaji kupimwa kwa vipimo vya wakati wake, kwa sababu kazi ya reli ilikuwa na mshahara, nyumba na heshima, na mtu aliyeiacha kwa ajili ya kalamu alikuwa anaiweka familia yake juu ya kitu ambacho hakuna Mwafrika wa rika lake aliyekuwa na hakika nacho. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 Muoria alikuwa London, gazeti lake likapigwa marufuku, naye akabaki huko na kurudia kazi ileile aliyoiacha, safari hii katika gari moshi za chini ya ardhi. Aliendelea kuandika miaka yote hiyo, ingawa hakuwa na gazeti la kumchapisha.

Katika Nairobi hiyohiyo, gazeti la kila wiki la Baraza, lililoanzishwa mwaka 1939 na kampuni ya East African Standard na kuhaririwa na Francis Khamisi, liliwazoesha wasomaji wa Kiswahili wa Kenya kuona kwamba gazeti la kampuni linaweza kupokea barua kutoka kila upande. Mwishoni mwa miaka ya 1950 likaja Taifa, na mwaka 1960 Taifa Leo la kila siku. Dar es Salaam nayo ilikuwa na Ngurumo tangu mwaka 1959, gazeti la kurasa chache lililotolewa na familia ya wapiga chapa ya Thaker na kuuzwa kwa bei ambayo kibarua wa bandarini aliimudu. Kuja kwa magazeti ya kila siku kulibadili kazi ya mwandishi wa mbali kuliko sheria yoyote, kwa maana gazeti la mwezi liliweza kungoja barua, ilhali gazeti la kila siku haliwezi. Habari ya Mtwara iliyofika Dar es Salaam baada ya wiki mbili ilikuwa imekufa. Kuanzia hapo mwandishi wa kujitegemea alilazimika kununua mwendo, na gharama ya mwendo huo, iwe simu, nauli au kipeto kilichokabidhiwa kwa dereva wa basi, mara nyingi ilitoka mfukoni mwake.

Mtu aliyeielewa hesabu hiyo ya mwendo kuliko wote ni mpiga picha Mohamed Amin. Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na akiwa bado kijana wa shule alianza kuuza picha zake kwa magazeti. Mwaka 1963, kabla hajatimiza miaka 21, alifungua Dar es Salaam kampuni yake ya picha aliyoiita Camerapix. Mwezi Januari mwaka uliofuata Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea umbali wa bahari tu kutoka mlangoni pake, naye akawa miongoni mwa wapiga picha wa mwanzo kuyaonyesha kwa ulimwengu. Alikuwa na kamera ya picha za mnato na kamera ya sinema, hivyo tukio moja aliweza kuliuza mara mbili au tatu: picha kwa magazeti ya hapa, picha nyingine kwa magazeti ya Ulaya, na filamu kwa mashirika ya televisheni. Hii ndiyo siri ya biashara ambayo wengi hawakuiona, kwamba mwandishi au mpiga picha asiye na mshahara hawezi kuishi kwa kuuza kitu kimoja mara moja, na kwamba haki ya kazi yake akibaki nayo mwenyewe inaweza kumlisha miaka mingi baada ya tukio.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Mwaka 1966 Amin alikamatwa Zanzibar kwa sababu ya picha zilizohusu wataalamu wa kijeshi wa kigeni, akafungwa karibu mwezi mmoja bila kufikishwa mahakamani, kisha akafukuzwa Tanzania na kuhamishia kazi zake Nairobi. Hakukuwa na mhariri wala kampuni kubwa ya kumwekea wakili mlangoni; yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kampuni. Kutoka Nairobi alipiga picha za kifo cha mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya mwezi Julai mwaka 1969, za kufukuzwa kwa Waasia Uganda mwaka 1972, na mwezi Oktoba mwaka 1984 filamu ya njaa ya Ethiopia, ambayo alikwenda kuichukua pamoja na mtangazaji wa BBC Michael Buerk na ambayo ilipoonyeshwa ilichochea michango ya chakula na fedha ya kiasi ambacho hakikuwahi kuonekana. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, naye akarudi kazini kwa mkono bandia. Alikufa tarehe 23 Novemba 1996, katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Ngazija, akiwa pamoja na mwandishi mwenzake Brian Tetley. Katika maisha hayo kuna mambo mengi ya kusifiwa, lakini kwa historia ya kazi hii la kwanza ni kwamba kijana wa Dar es Salaam asiye na cheti cha chuo wala mwajiri alijenga kituo cha habari ambacho mashirika makubwa ya nje yalilazimika kukitegemea.

Tanzania yenyewe ilichukua njia iliyomwachia mwandishi wa kujitegemea nafasi finyu. Gazeti la Standard lilitaifishwa mwezi Februari mwaka 1970, na mwaka 1972 likaunganishwa na Nationalist kuwa Daily News. Ngurumo lilikufa katikati ya muongo huo, na msomaji wa Kiswahili akabakiwa na gazeti moja la kila siku, yaani Uhuru la chama tawala, pamoja na Mzalendo la Jumapili na magazeti ya kidini kama Kiongozi la Wakatoliki, lililokuwa limerithi jina la lile la Tanga. Mwaka 1976 ilitungwa Sheria ya Magazeti, na mwaka huohuo sheria ya kuunda Shirika la Habari Tanzania, lililojulikana kama Shihata, ambalo lilipewa jukumu la kukusanya habari na kuzisambaza kwa vyombo vyote. Maofisa wake wa mikoani walikuwa watumishi wa umma wenye mshahara, na kwa njia hiyo mkoa ulikuwa na mwandishi anayelipwa kila mwezi. Lilikuwa jambo jema kwa waliopata kazi hizo, lakini lilikuwa na gharama yake, kwani habari ya mkoa ilianza kuonekana kwa macho ya ofisi, na mwalimu wa kijijini aliyezoea kuandikia gazeti akakuta mlango wake umebaki kuwa ukurasa wa barua za wasomaji tu.

Vipaji havikukauka, ila vilihamia kwingine. Vijana wa mijini walianza kuandika hadithi za upelelezi na za mapenzi zilizochapwa katika vijitabu na kufuatiliwa katika magazeti toleo baada ya toleo, na kuchora katuni katika magazeti ya burudani kama Sani, ambalo lilipewa jina kwa kuunganisha majina ya waanzilishi wake wawili. Mwaka 1987 waandishi wanawake, wengi wao wakiwa watumishi wa vyombo vya serikali, waliunda chama chao cha TAMWA, na mwaka uliofuata wakatoa jarida la Sauti ya Siti, wakiliita kwa kumbukumbu ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyekuwa wa kwanza kuisikizisha sauti ya mwanamke wa Zanzibar katika santuri. Jarida hilo liliwapa nafasi ya kuandika makala ndefu juu ya mimba za wanafunzi, ukatili wa nyumbani na mirathi, mambo ambayo katika vyombo walivyoajiriwa yangepewa nafasi ndogo au yasingepewa kabisa. Pamoja na hayo, idhaa za nje zilizotangaza kwa Kiswahili, kama BBC iliyoanza mwaka 1957 na Deutsche Welle iliyoanza mwaka 1963, zilihitaji wawakilishi wa kulipwa kwa kila ripoti katika miji ya eneo zima, na kwa njia hiyo sauti za waandishi wa Bujumbura, Kigali, Goma na Bukavu ziliingia katika nyumba za Tanga na Lamu, hasa wakati wa vita na mauaji ya miaka ya 1990 katika Maziwa Makuu. Kwa mwandishi aliyekubaliwa na idhaa hizo, ripoti chache zililipa kuliko mwezi wa kuhangaika na magazeti ya ndani.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi Tanzania mwaka 1992, magazeti binafsi yalifumka kwa kasi ambayo vyuo vya uandishi, kile cha Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1975 na kile cha Nyegezi, Mwanza, visingeweza kuitosheleza. Gazeti jipya lilihitaji habari kutoka kila mkoa tangu siku ya kwanza, lakini halikuwa na uwezo wa kuajiri mtu katika kila mkoa, kwa hiyo lilirudia njia ya Msimulizi na Mambo Leo, tofauti ikiwa ni kwamba safari hii liliahidi malipo kwa kila habari itakayochapishwa. Mikoani walijitokeza walimu, makarani waliopunguzwa kazi, wahitimu wa kidato cha nne na maofisa wa zamani wa Shihata. Magazeti ya kila wiki kama Rai, lililoanza mwaka 1993, yaliongeza nafasi ya wachambuzi na waandishi wa safu, yaani makala ya mtu mmoja yenye mahali pake palepale kila toleo, na kwa mara ya kwanza tangu enzi za washairi wa Mambo Leo msomaji alinunua gazeti kwa sababu ya jina la mchangiaji.

Namna ya kulipa ilistahili kutazamwa kwa karibu zaidi kuliko ilivyotazamwa. Katika magazeti ya Kenya ulienea utaratibu wa kupima kazi kwa sentimita za safu. Mwishoni mwa mwezi mwandishi wa wilayani alichukua mkasi na magazeti ya mwezi mzima, akakata kila habari yake, akaibandika kwenye karatasi nyeupe kwa mpangilio wa tarehe, akaweka rula kando ya kila safu na kuandika urefu pembeni, kisha akajumlisha na kupeleka madai yake makao makuu. Kichwa cha habari na picha vilikuwa na hesabu zake. Habari iliyochapishwa bila jina lake, ikiwa imeandikwa tu kwamba imetoka kwa mwandishi wetu, ilimpa kazi ya ziada ya kuthibitisha kwamba ni yake. Habari iliyounganishwa na za wengine ilizua ubishi wa kila mmoja kuchangia mistari mingapi. Tanzania magazeti mengi yalilipa kwa idadi ya habari badala ya urefu, lakini mantiki ilikuwa ileile. Mhariri aliyefupisha habari kwa sababu tangazo la biashara limeingia usiku alikuwa, bila kukusudia, amekata kipato cha mtu aliyesafiri siku nzima kwa baiskeli au kwa basi kuitafuta, na habari iliyokosa nafasi kabisa haikuacha hata nauli. Uchunguzi wa wiki tatu ulioishia katika habari moja ulilipwa sawa na taarifa ya mkutano iliyoandikwa kwa nusu saa.

Kutokana na hesabu hiyo lilizaliwa jambo ambalo limeudhalilisha uandishi wa habari wa Afrika Mashariki kuliko vitisho vya watawala. Wenye mikutano, warsha na uzinduzi walianza kutoa bahasha, yaani fedha ya nauli na chakula anayopewa mwandishi na yule ambaye habari inamhusu, na mahali ambapo gazeti lililipa kidogo na kwa kuchelewa, bahasha ikawa ndiyo mshahara. Waliokemea tabia hiyo walikuwa na haki ya kuikemea. Hata hivyo, lawama nyingi zimewekwa juu ya mwandishi wa mkoani, aliyeitwa kanjanja, neno la dharau kwa mwandishi asiye na mafunzo, wakati wamiliki walijua vizuri kwamba kiwango walichokiweka hakimtoshi mtu kuishi na waliendelea kuchapisha habari zilezile. Mwandishi wa habari za mikutano hakuchagua mikutano kwa sababu haoni mambo mengine. Mikutano ndiyo iliyolipa.

Waliokataa kuishia kwenye mikutano walikabiliwa na hatari wakiwa peke yao. Tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi, mwakilishi wa televisheni ya Channel Ten mkoani Iringa na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa mkoa huo, aliuawa katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, polisi walipokuwa wakizuia shughuli ya chama cha upinzani aliyokwenda kuiripoti. Tarehe 21 Novemba 2017, Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeandikia gazeti la Mwananchi na aliyekuwa akiripoti mauaji ya viongozi wa vijiji na askari katika maeneo ya Kibiti na Rufiji, alitoweka, na hajaonekana tena. Kibiti haikuwa na ofisi ya gazeti. Habari zilizofika katika kurasa za mbele juu ya hofu iliyoigubika wilaya hiyo zilitoka kwa watu waliokuwa wakiishi ndani ya hofu hiyo na ambao baada ya kuchapishwa waliendelea kulala katika nyumba zilezile.

Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa ithibati, yaani kibali rasmi kinachomtambua mtu kuwa mwanahabari, na kanuni zake za mwaka 2017 zilitaka kila mwanahabari awe angalau na stashahada, zikiwapa waliokuwa kazini miaka mitano ya kuipata. Shabaha ya kuinua kiwango cha taaluma haina ubaya, lakini mtu anayelipwa kwa habari moja moja hana mwajiri wa kumpeleka chuoni wala likizo yenye malipo ya kusomea, na waliokuwa wameandika kwa miaka 20 wakiwa wilayani waliwekwa katika kipimo kimoja na kijana anayeanza. Sheria hiyohiyo ilitetewa na serikali kwa hoja kwamba itamlazimisha mwajiri kumwekea mwanahabari bima na hifadhi ya jamii. Wajibu huo, hata hivyo, huanzia penye mkataba wa ajira, na waandishi wengi wa mikoani hawana mkataba huo. Uhusiano wao na gazeti ni namba ya simu ya mhariri wa habari za mikoani na akaunti inayoingiziwa fedha baada ya mwezi kwisha. Klabu za waandishi za mikoa, zilizokusanyika tangu miaka ya 1990 chini ya umoja wao wa kitaifa, zimekuwa zikiendesha mafunzo ya usalama na kusimama na wanachama waliokamatwa, na ndizo zinazobeba madai ya kwamba kila chombo cha habari kinachochapisha kazi za mwandishi huyo kimpe makubaliano ya maandishi yenye kiwango cha malipo, muda wa kulipwa na dhamana ya matibabu anapoumia akiwa kazini.